Saundibaa: Sauti ya juu hutegemea dari

SAUNDIBAA ni spika ndefu inayowekwa chini ya runinga. Mfumo wa Dolby Atmos, uliozinduliwa mwaka wa 2012, huongeza sauti inayosikika kana kwamba inatoka juu. Baadhi ya saundibaa huielekeza darini ili igonge na kumrudia msikilizaji.

Dari hiyo sharti iwe ngumu na tambarare. Katika nyumba za mabati zisizo na dari, zinazopatikana Garissa na kwingineko Kaskazini Mashariki, paa lililoinama huipotosha sauti.

Filamu za intaneti nazo sharti ziwe zimetayarishwa kwa mfumo huo, na kwa kawaida sauti hupitia waya wa HDMI. Waya unaotumia mwanga hauibebi.

Asiyekagua haya atalipia sauti asiyoisikia.