Malali na Miiko Yake

Mara mingi tunasikia wasomi wenzetu wakisema: «Watu wa kijiji hawasikie munganga, ni ujinga tu.» Sisi hatukubali. Tuangalie malali, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o.

Wakati wa Wabelgiji hakukuwa shauri, kulikuwa amri. Kikosi kinafika, chifu anapanga watu mustari, munganga anapapasa shingo kutafuta tezi. Mgonjwa alipelekwa lazareti, mbali na ndugu zake. Na dawa ya kwanza, atoksili, ilikuwa na sumu ya arseniki. Wagonjwa wamoja ilipofusha macho. Mtu aliyeona jirani yake anarudi kipofu akakimbilia pori, alikuwa na akili zake timamu.

Hata hivyo ugonjwa ulipungua sana mbele ya uhuru wa 1960. Kisha vikosi vikakosa pesa, vita vikaja, na mwaka 1998 inchi yetu ikahesabu wagonjwa wapya zaidi ya 26,000.

Ni hapa tunakuta jambo la kushangaza. Malali yakifika kwenye ubongo, dawa ya siku zile ilikuwa melarsoprol, nayo pia ya arseniki, ambayo yenyewe iliua karibu wagonjwa 5 kwa 100. Kule Kasai mgonjwa aliyetibiwa alipewa miiko: miezi sita hakuna kulala na bibi ao bwana, hakuna kazi ya nguvu, hakuna chakula cha moto, hakuna kutembea juani. Ilitoka kwa waganga wa lopitali wenyewe, si kwa wazee wa kijiji! Na watu waliishika kabisa. Waliamini mwenye kuivunja anakufa. Basi wengi wakaogopa hata kupimwa. Mulimaji akae miezi sita bila jembe, watoto watakula nini? Mama kijana atamueleza bwana namna gani? Walikimbia kipimo kwa sababu walijua watatii.

Tangu 2018 kuna fexinidazole, vidonge vya siku 10, na wagonjwa wengi hawadungwe tena mgongoni. Ile miiko haina kazi tena, lakini kuitoa kichwani mwa watu si kazi ya siku moja. Tena vidonge vina sharti lao: vinamezwa kisha kula, muuguzi akiangalia, maana tumbo tupu haliipokee dawa vizuri. Katika nyumba ambamo sufuria inawekwa motoni mara moja tu kwa siku, ile mara moja ndiyo saa ya dawa.