Mali Bila Daftari: Nyaraka za Richard Durham, Mtunzi wa Michezo ya Redio

Wahenga walituachia neno zito: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili wenye maduka hulijua vyema, lakini watunzi wa michezo ya redio wanapaswa kulijua zaidi. Mchonga vinyago akifa, kinyago chake hubaki. Mjenzi akifa, nyumba yake husimama. Mchezo wa redio husemwa mara moja mbele ya kipaza sauti, ukachukuliwa na hewa, na kesho yake msikilizaji amebaki na kumbukumbu tu. Kama mswada haukutunzwa, kazi yote ya mtunzi imekwenda na upepo.

Katika insha hii nakusudia kueleza habari za mtunzi mmoja ambaye karatasi zake zilitunzwa, na faida iliyopatikana kwa kutunzwa huko. Jina lake ni Richard Durham, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1917 katika jimbo la Mississippi. Alipokuwa mtoto, wazazi wake walihamia Chicago pamoja na maelfu ya Weusi wengine waliokimbia dhuluma na ufukara wa Kusini. Huko alikua, akajifunza kazi ya uandishi katika mradi wa waandishi wa Illinois uliogharimiwa na serikali wakati wa shida kubwa ya uchumi, na baadaye akaandikia gazeti la Weusi liitwalo Chicago Defender.

Yafaa tukumbuke hali ya redio ya Marekani katika zama hizo. Mtu Mweusi alipotajwa katika michezo, mara nyingi alikuwa mtumishi au mjinga wa kuchekwa, na pengine hata sauti yake iliigizwa na mtu Mweupe. Ndani ya hali hiyo, tarehe 27 Juni, 1948, kituo cha WMAQ cha Chicago kilianza kutangaza mfululizo wa michezo ya Durham uitwao Destination Freedom, yaani safari ambayo kikomo chake ni uhuru. Kila Jumapili, kwa muda wa nusu saa, wasikilizaji waliletewa maisha ya shujaa mmoja Mweusi. Walimsikia Harriet Tubman akiwatorosha watumwa usiku. Walimsikia Denmark Vesey akipanga maasi ya mwaka 1822, na Toussaint L'Ouverture akiongoza mapinduzi ya Haiti. Aidha waliletewa watu wa zama zao wenyewe, kama mshairi Gwendolyn Brooks na mpiga ngumi Joe Louis. Hadi mwaka 1950 Durham alikuwa ametunga michezo ipatayo tisini, karibu mmoja kila juma.

Msomaji atauliza: mtu mmoja alipata wapi habari za watu wote hao, ilhali vitabu vya shule havikuwataja? Jibu limo katika jina la mwanamke mmoja, Vivian Harsh, mkutubi Mweusi wa kwanza kuongoza tawi la Maktaba ya Umma ya Chicago. Tawi lake, lililofunguliwa mwaka 1932 katika mtaa wa Weusi, lilikuwa na mkusanyo wa pekee wa vitabu na maandishi juu ya watu Weusi. Aliukusanya kidogo kidogo, pengine kwa kuomba vitabu kwa watu. Durham alikwenda huko kuchota, na alichochota Jumamosi kilisikika Jumapili nyingine katika nyumba za mji mzima.

Kuhusu usanii wake, Durham hakuridhika na kusimulia historia kama mwalimu asomaye orodha ya tarehe. Katika mchezo mmoja juu ya madaktari Weusi waliopasua kifua cha mgonjwa na kuushona moyo wake, msimulizi ni moyo wenyewe. Katika mchezo juu ya Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, maneno yamepangwa kwa vina. Sisi tuliolelewa kwa ngano ambazo sungura husema na mti hujibu, hatuoni ajabu kwa moyo kupewa ulimi. Tunatambua kwamba redio, isiyo na macho, ndiyo mahali hasa pa sanaa ya namna hiyo.

Lakini mwenye redio hakuwa Durham. Mitambo ilikuwa ya shirika la NBC, na mkubwa wa mitambo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mapendekezo yake ya kutunga mchezo juu ya Nat Turner, kiongozi wa maasi ya watumwa ya mwaka 1831, na juu ya mwimbaji Paul Robeson, yalikataliwa. Mwaka 1950 mfululizo wake ulikatishwa. Muda si mrefu jina lile lile la Destination Freedom likarudi hewani, na safari hii msimulizi alikuwa Paul Revere, shujaa Mweupe wa vita vya kudai uhuru kutoka kwa Mwingereza. Jina lilibaki, watu wenyewe wakaondolewa.

Hapo ndipo thamani ya karatasi inapodhihirika. Jina la kipindi laweza kuchukuliwa, na saa ya matangazo yaweza kupewa mwingine. Mswada uliotunzwa hubaki shahidi wa yale mtunzi aliyoyasema kwa kweli. Durham aliendelea na kazi nyingine nyingi. Alihariri gazeti, akashirikiana na Muhammad Ali kuandika kitabu cha maisha ya bondia huyo kilichotoka mwaka 1975, na akafariki mwaka 1984. Nyaraka zake zimewekwa katika Maktaba ya Umma ya Chicago, katika mkusanyo ambao leo unaitwa kwa jina la Vivian Harsh. Maji yamerudi katika kisima yalikochotwa. Mwaka 1989 baadhi ya michezo hiyo ilichapishwa kitabuni, na mwaka 2015 ikatoka tarehe kamili ya maisha yake. Bila ya karatasi hizo, mtunzi huyu angetajwa kwa mstari mmoja, au asingetajwa kabisa.

Habari hizi zatuhusu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikaundwa mwaka 1965. Miaka mingi wananchi walikaa kuizunguka redio moja wakamsikiliza Pwagu na Pwaguzi, na tangu mwaka 1993 wakaufuata mchezo wa Twende na Wakati. Kanda za sauti zina heshima yake, na zitunzwe. Lakini kanda husimulia kilichotangazwa tu. Mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu, barua ya kukataliwa, na neno lililobadilishwa usiku wa kuamkia matangazo, hayo huonekana katika karatasi peke yake, na karatasi hizo mara nyingi zimo masandukuni mwa wajane na watoto wa watunzi, pamoja na mchwa.

Taifa linalojenga utamaduni wake halina budi kuyafungua masanduku hayo mapema. Kazi hii haingoji fedha nyingi kuanza. Vivian Harsh alianza na rafu chache na subira. Daftari likiwapo, mali itajulikana ni ya nani, na ilikuwa kiasi gani.