Betri ya mapipa mawili: kutoka puto la 1884 mpaka Yanonge

Wandugu, tukisema "betri" hapa Tshopo, wengi wanawaza ile ya gari, yenye risasi na asidi. Ukiimaliza nguvu kila usiku, haikai miaka mingi. Kisha inatupwa, na risasi ni sumu. Kumbe kuna betri ya aina nyingine, na historia yake inatuhusu.

Tarehe 9 Agosti 1884, Wafaransa wawili, Charles Renard na Arthur Krebs, walirusha puto lenye injini ya umeme, La France. Lilisafiri karibu kilomita 8 na kurudi pale lilipoanzia. Betri yake ilitumia zinki, na wengine wanaihesabu kuwa babu wa betri za mtiririko.

Mtiririko ni nini? Ni mapipa mawili, kila moja na maji yake ya kemikali. Pampu zinayapitisha katika chumba kidogo kilichogawanywa na utando mwembamba, na umeme unaingia na kutoka pale. Unataka kuwasha taa nyingi kwa mara moja? Panua chumba. Unataka taa zikae mpaka asubuhi? Ongeza maji kwenye mapipa.

Wazo hilo lilikaa kando miaka mingi, mpaka bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973. Ndipo Lawrence Thaller wa NASA alijaribu chuma na kromi. Shida: kemikali zilivuka utando, zikachanganyika, betri ikadhoofika. Miaka ya 1980, Maria Skyllas-Kazacos na wenzake, Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walitumia vanadi pande zote mbili. Metali ni ileile, kwa hiyo hata ikichanganyika, betri inaweza kurekebishwa. Leo mji wa Dalian, China, una betri ya vanadi ya megawati 100, iliyounganishwa mwaka 2022. Bwawa letu la Tshopo, la miaka ya 1950, halifiki megawati 20.

Sasa tuulize: maarifa haya yalikuwa ya nani? Ya Australia yalilindwa kwa hataza, na bila leseni kampuni hazikuweza kuyatumia. Sisi tunajua habari ya mlango uliofungwa. Tangu 1933 Wabelgiji walikuwa na INEAC pale Yangambi, kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, lakini mkulima wa jirani hakuwa mwenye kuamua kinachotafitiwa. Kobalti ya Kongo inaenda kwenye betri za dunia nzima. Zinki ya Kipushi nayo inachimbwa tena tangu 2024, baada ya mgodi kusimama mwaka 1993.

Miaka hii ya karibuni mlango umefunguka kidogo. Kikundi kinachoitwa Flow Battery Research Collective kimetoa michoro ya betri ndogo ya zinki na iodini, na yeyote anaweza kuijenga na kuibadilisha. Ni kifaa cha kujifunzia, si cha kuendesha friji. Utando wake unaweza kuwa karatasi ya kuchapia picha!

Tusijidanganye, ina udhaifu. Iodini ni ghali na inachafua kila kitu. Zinki inaganda juu ya elektrodi, kwa hiyo katika aina hii kuongeza maji peke yake hakutoshi. Pampu zinakula umeme, na maji yakivuja ni hasara. Na bromini, inayotumika katika betri nyingine za zinki, isiletwe nyumbani kabisa: mvuke wake unaunguza mapafu.

Lakini Yanonge, kando ya mto, jua lipo na pano zinauzwa. Shida ni usiku. Betri ya pale haihitaji kuwa nyepesi kama ya simu; inaweza kukaa nyuma ya nyumba, nzito, mradi fundi wa kijiji aweze kuifungua na kuitengeneza. Hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Wanafunzi wa kemia na fizikia wa UNIKIS, chumvi gani inapatikana kwa bei nzuri Kisangani? Utando gani unaweza kutengenezwa hapa? Hiyo ni TFC nzuri kabisa. Nani anaanza?