Uso wa mwanamieleka, na kile tunachokikata

Leo PHP na MySQL zipumzike kidogo, tuongee historia.

Likizo ya Agosti nilikuwa nyumbani Kakamega, nikawapiga picha vijana wakicheza mieleka mchangani. Nilitumia lenzi ya milimita 200 na kujaza fremu kwa nyuso tu: meno yameumana, macho yamefumbwa, jasho limechanganyika na mchanga. Usiku nikaandika kiprogramu cha kutafuta uso ndani ya picha na kukata kila kitu kingine. Kinafuata njia ya Paul Viola na Michael Jones ya mwaka 2001, ambayo hulinganisha miraba yenye mwanga na miraba yenye giza. Kinajua uso uko wapi. Unasema nini, hakijui.

Nikamtumia dada yangu picha moja ya mwanawe. Simu ikalia papo hapo: "Kaka, mtoto ameumizwa na nani?"

Hakuumizwa. Alikuwa anacheka, amebebwa mabegani na kijana aliyetoka kumshinda. Mimi ndiye niliyemkata huyo wa chini.

Hapo nikamkumbuka George Rodger. Mwaka 1949 Mwingereza huyu alifika Kordofan, Sudani, akawapiga picha wanamieleka vijana wa Kinuba. Picha yake maarufu kuliko zote ni ya bingwa wa Korongo aliyepakwa jivu mwilini, ameketi mabegani mwa mwenzake. Mbebaji naye yumo.

Rodger alikuwa na sababu ya kuiogopa fremu. Aprili 1945 alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa kwanza kuingia kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani. Alijishtukia akitafuta pembe ambayo maiti zingekaa vizuri ndani ya picha. Akaapa kutopiga tena picha za vita. Mwaka 1947 akashirikiana na wenzake kuanzisha Magnum, kisha akaja Afrika.

Picha ile ya mabegani ikamvutia Leni Riefenstahl, mwongozaji wa filamu zilizomtukuza Hitler miaka ya 1930. Alimwandikia Rodger akiahidi dola 1,000 ili aelekezwe kwa Wanuba. Rodger alikataa. Hata hivyo mama huyo alikwenda mwenyewe mwaka 1962, na mwaka 1973 akatoa kitabu cha picha za Wanuba. Wengi walikisifu. Lakini mwaka 1975 mwandishi Mmarekani Susan Sontag alisema kwamba ibada ya nguvu na miili isiyo na kasoro, iliyokuwa kwenye filamu zake za zamani, imejitokeza tena humo.

Watu walewale, mieleka ileile, na wapiga picha wawili waliotaka vitu tofauti.

Sisemi picha ya karibu ni dhambi. Uso wa kijana anayejikaza una habari nyingi. Ila uso uliotengwa na mikono, mabega na mshindani wake utabeba maana yoyote utakayobandikwa. Kwa hiyo nimebadilisha programu: inahifadhi picha nzima, na ikikuta uso wa pili karibu inaniuliza kwanza kabla ya kukata.

Nikamtumia dada picha nzima. Alicheka sana, kisha akaniuliza yule kijana aliyembeba mwanawe anaitwa nani.

Sikuwa na jibu. Nilimpiga picha kumi na mbili, na sikumuuliza jina.