Uwezo wa bafa katika mchanganyiko wa asidi dhaifu na besi kali

Uwezo wa bafa ni kipimo cha jinsi myeyusho unavyohimili asidi au besi inayoongezwa bila pH yake kubadilika sana. Huandikwa kwa herufi β, nayo hueleza moli za besi kali kwa lita zikigawanywa kwa ongezeko dogo la pH zilizolileta. Mwanakemia Mmarekani Donald Van Slyke alikifafanua kipimo hiki mwaka 1922.

Muundo

Asidi ya asetiki, iliyomo katika siki, ikitiwa hidroksidi ya sodiamu isiyotosha kuimaliza, sehemu yake hugeuka asetati na sehemu hubaki. Asidi iliyobaki huzima besi inayoongezwa. Asetati huzima asidi. Besi ikiimaliza asidi yote, bafa haipo tena.

Hesabu

Kwanza hutafutwa moli za asidi iliyobaki na za chumvi iliyozaliwa, kisha hugawanywa kwa ujazo wote. Pale ambapo ioni za haidrojeni na haidroksidi zilizo huru ni chache:

β = 2.303 × [asidi] × [chumvi] ÷ ([asidi] + [chumvi])

Mfano: mililita 100 za asidi ya asetiki ya moli 0.10 kwa lita zimetiwa mililita 50 za hidroksidi ya sodiamu ya ukolezi huohuo. Zinabaki moli 0.005 za asidi na 0.005 za asetati katika mililita 150, yaani 0.0333 kwa lita kila moja. Kwa hiyo β ni 0.0384, na pH ni sawa na pKa ya asidi hiyo, yaani pH ambapo asidi na chumvi yake hulingana, 4.76. Ukiongeza mililita 1 ya besi hiyo, pH hupanda kwa 0.017 tu. Mililita hiyohiyo katika mililita 150 za maji safi huipandisha kutoka 7 hadi karibu 10.8.

Uwezo hufikia kilele asidi na chumvi zinapolingana, na hukua kadiri ukolezi wa jumla unavyoongezeka.

Maji ya Sori

Sori, mji wa wavuvi kwenye Ghuba ya Karungu katika Kaunti ya Migori, hutumia maji ya Ziwa Viktoria, ambayo bafa yake ni dioksidi ya kaboni iliyoyeyuka pamoja na bikaboneti. Tukichukua bikaboneti milimoli 1 kwa lita na pH 8, mbali na pKa ya kwanza ya asidi ya kaboniki, 6.35, bikaboneti huizidi asidi, yaani dioksidi ya kaboni iliyoyeyuka, kama mara 45. Jozi hiyo hutoa β ya takriban 0.00005, chini ya mfano wa siki kwa zaidi ya mara 700. Ndiyo maana mwani ukifyonza dioksidi ya kaboni mchana wa jua, pH hupanda upesi, na amonia yenye sumu kwa samaki huongezeka.

Ziwa la Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay katika Kaunti ya Homa Bay, ni kinyume chake. Lina kaboneti na bikaboneti tele, na pH yake hukaribia 10, jirani na pKa ya pili ya asidi ya kaboniki, 10.33. Wingi na uwiano vyote viwili hulipa ziwa hilo uwezo mkubwa.

Kwa hiyo kupima pH peke yake hakutoshi kwa mfugaji wa samaki. Sampuli hutiwa asidi ya ukolezi unaojulikana, tone kwa tone, ili kiasi cha bikaboneti kijulikane. Hapo ndipo β huweza kukokotolewa.