Mtoto Aangukaye Motoni: Historia ya Kifafa na Utafiti wa Ubongo Nchini Mwetu

Mwaka wangu wa pili katika usharika hapa Somanda, mama mmoja alinijia baada ya ibada ya Jumapili akiwa na binti yake wa miaka tisa. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umefungwa kwa kipande cha khanga. Nilipokifungua nikakuta ameungua kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alikuwa amekaa mafigani akikoroga uji, kifafa kikamshika, akaangukia moto. Waliokuwapo walisita kumvuta, kwa kuwa wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe umeupata.

Niliwaita wazee wa kanisa wawili. Tulimwekea mtoto mikono, tukaomba kwa machozi, kisha tukawaruhusu waende kwa amani. Hospitali haikuwa mbali na mahali tulipopiga magoti. Sikumwambia mama yule ampeleke, wala sikumuuliza hata swali moja kuhusu ugonjwa wenyewe.

Miezi mitatu baadaye binti alianguka tena, safari hii kando ya lambo. Kijana aliyekuwa akinywesha ng'ombe ndiye aliyemtoa majini. Nilipokwenda kuwatembelea, mama aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mchungaji, nilidhani nikimpeleka hospitali nitakuwa nimeonyesha kwamba siamini. Na wewe hukuniambia niende."

Ni kweli, sikuwa nimemkataza. Lakini ukimya wangu ulimkataza. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma historia ya ugonjwa huu na ya watu walioutafiti katika nchi yetu. Nayaandika haya ili mzazi mwingine asije akanyamaziwa na mchungaji wake.

Ugonjwa uliopewa jina la miungu

Hofu ya kifafa si ya Wasukuma peke yao, wala si ya Waafrika peke yao. Wayunani wa kale waliuita ugonjwa mtakatifu, wakidhani miungu ndiyo inayomwangusha mtu. Yapata miaka 400 kabla ya kuzaliwa Kristo, maandishi ya waganga wa shule ya Hippocrates yalipinga jambo hilo. Yalisema kwamba ugonjwa huu hauna utakatifu kuliko magonjwa mengine, na kwamba chanzo chake kiko katika ubongo.

Ilichukua zaidi ya miaka elfu mbili kulithibitisha neno hilo kwa vipimo. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, alifaulu kurekodi umeme mdogo unaotoka katika ubongo wa mwanadamu. Tukajifunza kwamba seli za ubongo huzungumza kwa umeme. Kifafa ni pale kundi la seli linapolipuka kwa pamoja bila utaratibu, kama watu wote sokoni wakianza kupiga kelele kwa mara moja. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, ilionyesha mfupa wa fuvu lakini si ubongo uliomo ndani. Mwaka 1971, huko London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Miaka minane baadaye Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mwana wa Afrika Kusini aliyekuwa amefanya hesabu za jambo hilo kabla yake. Baadaye ikaja MRI, inayotumia sumaku badala ya mionzi, ambayo kwa watoto ni faida kubwa.

Mahenge: daktari aliyeketi na walioachwa peke yao

Kwetu Tanzania historia hii inaanzia Mahenge, katika milima ya Ulanga. Mwaka 1959 daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Louise Jilek-Aall, alifika Tanganyika. Kati ya Wapogoro aliwakuta watu wengi mno wenye kifafa. Waliogopwa na kutengwa, na wengi walikuwa na makovu ya moto, kwa maana mtu akianguka hakuna aliyethubutu kumgusa.

Daktari yule hakuwa na mashine ya picha. Alichokuwa nacho ni daftari, vidonge vya fenobabitoni na muda wa kusikiliza. Alifungua kliniki ya kifafa, akaandika habari za kila mgonjwa: alianza lini, huanguka mara ngapi, nani mwingine katika ukoo anao. Watu waliokuwa wakianguka kila wiki walianza kukaa miezi bila kuanguka. Mwaka 1965 alichapisha matokeo yake katika jarida la kitabibu. Aliandika pia kuhusu watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikiinama na kuinuka kama wanaosinzia, kabla ya kuanza kuanguka kabisa. Wenyeji walisema: amesinzia kichwa. Miaka mingi baadaye, ugonjwa wa namna hiyo ulipowapata watoto wengi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ulimwengu ulirudi kuyasoma yale ya Mahenge.

Watafiti wetu wenyewe waliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1992 daktari Henry Rwiza na wenzake walichapisha uchunguzi wa vijiji 11 vya Ulanga vyenye watu 18,183. Waliwakuta watu 207 waliokuwa wamepata kifafa, na waliokuwa nacho wakati ule walikuwa takriban 10 katika kila watu 1,000. Pia waliwauliza wakuu wa kaya wanauonaje ugonjwa huu. Wanne katika kila kumi waliamini kwamba unaambukiza kwa kugusana, kwa pumzi au kwa kula pamoja. Zaidi ya nusu wasingekubali mtoto mwenye kifafa aende shule. Niliposoma takwimu hizo niliwakumbuka wale waliosita pale mafigani.

Haydom: picha ya kilichomo ndani

Kutoka kwetu Simiyu, ukipita Meatu na kuvuka mto Sibiti, safari inaweza kukufikisha Haydom, katika nchi ya Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa na wamisionari wa Norway katika miaka ya 1950, na leo ni ya Kanisa letu. Hapo ndipo daktari Andrea Winkler na wenzake, Watanzania na wageni, walipochunguza kifafa kwa miaka mingi.

Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, watu zaidi ya 200 wenye kifafa walipigwa picha za CT. Takriban 18 katika kila 100 walionekana kuwa na alama zinazolingana na vijifuko vya tegu wa nguruwe katika ubongo. Miongoni mwa watu wasio na kifafa waliopigwa picha hizo hizo, alama hizo zilionekana kwa mmoja tu katika kila 100.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaofuga nguruwe, hata wale wasiokula nyama yake. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vijifuko ambayo haikuiva vizuri, tegu hukua tumboni mwake. Mayai ya tegu hutoka na choo cha mtu huyo. Pasipokuwa na choo, au mikono isiponawiwa, mayai hayo huingia kwenye chakula na maji ya watu wengine. Yakimezwa hutoa viluwiluwi vinavyosafiri kwa damu hadi kwenye ubongo na kujifungia huko. Basi kuchimba choo, kunawa mikono, kumfungia nguruwe na kuivisha nyama ni kumlinda mtoto wa jirani asianguke motoni. Malaria kali iliyopanda kichwani na majeraha wakati wa kuzaliwa navyo huacha makovu yanayoweza kuleta kifafa.

Winkler na wenzake walirudi pia Mahenge kwa wale wanaosinzia kichwa. Waliwachunguza wagonjwa 62, na 12 kati yao wakapigwa picha za MRI. Baadhi ya picha zilionyesha mabadiliko katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Vimelea vya usubi, vinavyoenezwa na inzi weusi wa mtoni, vilipatikana kwenye ngozi za wengi, lakini katika maji ya uti wa mgongo havikuonekana. Watafiti wale hawakulazimisha jibu. Waliandika walichokiona, wakaacha swali wazi kwa watakaokuja. Baadaye uchunguzi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na washirika wake ulizidi kuonyesha uhusiano kati ya usubi na kifafa Mahenge, na dawa ya usubi ikaanza kutolewa huko mara mbili kwa mwaka. Unyenyekevu wa namna hiyo ungetufaa na sisi tunaohubiri.

Swali ambalo sikuuliza

Sasa fungua Marko 9:14–29. Baba anamleta mwanawe ambaye mara nyingi huanguka motoni na majini. Wanafunzi wameshindwa, na waandishi wanabishana nao. Katikati ya mabishano hayo Bwana Yesu anamgeukia baba na kumuuliza tatizo hili lilianza lini. Baba anajibu kwamba lilianza utotoni. Ndilo swali daktari Aall aliloliandika katika daftari lake kule Mahenge. Yeye ajuaye yote alimpa mzazi nafasi ya kueleza. Mimi nisiyejua sikumpa.

Wapo watakaosema: Mchungaji, Marko anataja pepo, unataka kuifuta habari hiyo? La, siifuti. Lakini soma Mathayo 4:24 kwa makini. Mwinjilisti anawataja wenye pepo, na wenye kifafa anawataja peke yao, pamoja na waliopooza. Biblia yenyewe haituruhusu kumwambia kila mtoto anayeanguka kwamba ana pepo. Mtoto akiambiwa hivyo mbele ya watu, huondoka na mizigo miwili: ugonjwa wake na jina tulilompa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tumewafundisha wazazi kuficha.

Kisha angalia mwisho wa habari ile. Mtoto amelala kama maiti, watu wanasema amekufa, na Yesu anamshika mkono na kumwinua. Kule Mahenge, na hapa kwetu, mkono ndio uliokosekana. Sayansi ya ubongo imetuonyesha kwamba kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa sahani. Hatuna tena kisingizio cha kutomshika.

Basi, mpendwa, mtu akianguka mbele yako, mwondoe penye moto au maji, mlaze kwa ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa chake. Usimtie kijiko mdomoni, wala usimkandamize. Akizidi dakika tano, mkimbize hospitali. Mwombee njiani. Akipewa vidonge asiache bila kuambiwa na daktari, hata akihisi amepona, hata akiombewa na mtumishi mkubwa kiasi gani.

Binti yule nilimpeleka hospitali mwenyewe pamoja na mama yake wiki ile ya lambo. Alianza dawa. Alibarikiwa kipaimara akiwa amekaa zaidi ya mwaka bila kuanguka. Nilipomwekea mikono siku ile niliuona mkono wake wa kushoto ambao hadi leo haunyooki sawasawa. Mungu amenisamehe, na mama yake pia. Kovu lile bado lipo, na kila mzazi anayeniletea mtoto sasa namuuliza kwanza: lilianza lini?