Umeme Mdogo: Historia ya Istilahi Yenye Maana Nyingi

Miongoni mwa maneno yanayowajia mara kwa mara wafasiri wa maandishi ya ufundi ni "umeme mdogo". Hulikuta katika vijitabu vya mafundi redio, katika maelezo yafungwayo pamoja na vyombo vya umeme, hata katika mabango ya tahadhari. Kwa kulitazama tu halina tatizo: ni Kiswahili chepesi, na kila mtu hudhani amelielewa. Lakini mtu anayetaka kuchagua chombo cha kumpatia volti 12 juu ya meza yake ya kazi nyumbani huweka mkono wake, na pengine uhai wake, chini ya dhamana ya neno hilo. Nasi tumeona kwamba dhamana hiyo ni dhaifu.

Wananchi wanapotumia neno hili huwa na maana yao iliyo wazi. Taa zikififia jioni, husema umeme umekuwa mdogo leo. Hapo hakuna kosa lolote, wala si kazi yetu kuwasahihisha. Tatizo huanza pale mfasiri anapoliazima neno hilohilo na kulifanya istilahi.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alitangaza habari za chombo chake kilichopangwa kwa visahani vya zinki na fedha, vikitengwa kwa karatasi nene au nguo iliyoloweshwa maji ya chumvi. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Wataalamu wa wakati huo waliona cheche, wakaona maji yakichanganuka, wakahisi mshtuko mikononi. Lakini hawakuwa na maneno ya kutenganisha mambo mawili yaliyokuwamo ndani ya chombo kile. Ilikuwa mwaka 1820 ndipo Mfaransa André-Marie Ampère alipopambanua mkazo wa umeme na mkondo wake. Mkazo ni ile hali ya kusukuma iliyopo hata waya ukiwa umekatika; mkondo ni kule kupita kwenyewe. Ikapita miaka mingine 61 kabla ya mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1881 kuvipa vipimo hivyo majina ya volti na ampea. Basi tusione haya sana kwamba lugha yetu nayo ilichelewa kidogo. Tena kwa upande wa mkondo tulikuwa na bahati: mabaharia wa pwani walikuwa wakilijua neno hilo kwa maji ya bahari tangu kale, na maana yake ilihama kuingia katika waya bila kulazimishwa.

Kwa upande wa mkazo, mambo yaliharibika tangu huko Ulaya na Marekani, na uharibifu huo tumeurithi. Mitambo ya Edison iliyowashwa New York mwaka 1882 iligawa umeme wa volti 110 hivi, nao haukuweza kusafiri mbali. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa Budapest, Zipernowsky, Bláthy na Déri, walitengeneza transfoma iliyofaa kwa kazi ya kugawa umeme mjini. Tangu hapo umeme uliweza kusafirishwa kwa maelfu ya volti, kisha ukateremshwa karibu na nyumba. Kwa wahandisi wa njia hizo, umeme uingiao nyumbani ulikuwa "wa chini", kwa kuwa waliulinganisha na ule wa nguzo ndefu. Hata leo viwango vya kimataifa huita volteji ya chini kila kitu kisichozidi volti 1,000 za mkondo geu. Yaani volti 230 za ukutani, ziuazo, zimo humo.

Wakati huohuo watu wa redio walikuwa na mazoea yao. Redio za valvu za miaka ya 1920 zilitumia betri mbili au zaidi: moja ya kupasha moto nyuzi za valvu, mara nyingi ya volti 2 tu, na nyingine ya volti 90 au 120. Ile ya volti 2 ndiyo walioiita ya mkazo wa chini. Kwa hiyo maneno yaleyale yalimaanisha volti 2 kwa fundi redio, na mamia ya volti kwa fundi wa nguzo. Mfasiri asiyejua kitabu alichonacho kimetoka karakana ipi hawezi kufasiri salama.

Na "umeme mdogo" huongeza giza juu ya giza, kwani haisemi ni nini kilicho kidogo. Chukua taa ya wati 60 iliyochomekwa ukutani: hupitisha kama robo ya ampea kwa volti 230. Chukua chombo cha volti 12 kinachoendesha mashine ya wati 60: hupitisha ampea 5. Umeme mdogo ni upi? Kwa volti, ni wa pili; kwa ampea, ni wa kwanza; kwa wati, hakuna. Betri ya gari ina volti 12 tu, lakini spana ikiangukia ncha zake mbili, itawaka nyekundu mbele ya macho yako.

Ndiyo sababu mtu anayechagua chombo cha karakana ya nyumbani apewe maneno yaliyotengana. Volti zilingane na za kifaa. Ampea zitoshe, na zikizidi si neno, kwa kuwa kifaa huchukua kiasi kinachohitaji. Aambiwe kama ni mkondo geu au mkondo mnyoofu, na upande upi ni chanya. Jambo linalosahaulika mno na wafasiri ni utengano: katika transfoma ya kawaida nyaya za upande wa ukutani hazigusani na za upande wa meza, lakini iko transfoma ambayo pande zote mbili hutumia koili moja. Ya pili hii inaweza kuonyesha volti 12 kwenye kipimo, na bado kila ncha yake ikawa na karibu volti 230 kwa ardhi. Tumewahi kuona karatasi ya maelezo iliyoita vyote viwili "transfoma ya umeme mdogo".

Mapendekezo yetu ni haya. "Volteji ya chini" ibaki kwa mipaka ya wahandisi, nayo iambatane na tarakimu daima. Kwa vyombo visivyozidi volti 50 za mkondo geu, au 120 za mkondo mnyoofu, iandikwe "volteji ya chini sana". Na neno "salama" lisiongezwe mpaka utengano umetajwa. Ama chombo chenyewe, "ugavi wa umeme" hakifai, maana hiyo ni kazi ya shirika zima. Mafundi wamekwisha kukiita pawasaplai, nasi hatuoni sababu ya kuwapinga.